Jikoni kwa Bi Harusi

Tulimwita Bi Harusi mpaka nywele zake zikawa nyeupe pembeni, na wajukuu wake nao wakamwita hivyo hivyo, wala hakuna aliyeona ajabu. Jina lake la kweli lilikuwa zuri tu. Tatizo ni kwamba mama mkwe wake alijaribu kulitamka siku ya kwanza, likamshinda, akasema, "Basi tumwite Bi Harusi mpaka ulimi uzoee." Ulimi haukuzoea. Mtaa wetu wa Chang'ombe ukalidaka hilo hilo, mafundi wa gereji wakalidaka, muuza mkaa naye hakubaki nyuma. Mwanamke wa makamo anapita na kikapu chake kutoka sokoni, fundi aliyelala chini ya gari anachomoa kichwa chenye oili na kusema, "Shikamoo Bi Harusi!" Mpita njia asiyejua mambo angegeuka kutafuta shela.

Alikuwa Mmalesia. Mumewe, mwenye duka la vitambaa, wa familia ya Kiarabu iliyokuwa na maduka Temeke tangu enzi za babu zao, alikwenda huko kwa biashara zake akarudi na mke. Mengine ya asili yake, kazaliwa na nani na kalelewa wapi, siyajui vizuri na sikuwahi kuyachimba. Mie namjua yule wa uani, mwenye kanga iliyofungwa kiunoni juu ya gauni refu, anayenusa sufuria kwanza ndipo akusalimie.

Wakati huo nilikuwa nashona nguo za kike kwenye kibaraza cha nyumba niliyopanga, ukuta kwa ukuta na uani kwake. Kwa muda mrefu salamu zetu zilikuwa za dirishani tu. Kilichotuvusha ukuta ni harufu. Alikuwa na desturi ya kununua uduvi, anautia chumvi, anautwanga mpaka unakuwa kama udongo wa kufinyangia, kisha anaumega matonge na kuyaanika juu ya bati. Jua la Chang'ombe linajulikana. Baada ya siku chache mtaa ulikuwa haukaliki. Mwanaidi, rafiki yangu, mtoto wa Lindi aliyekuwa akiuza vitumbua mbele ya kibaraza changu, alilalamika kwamba wateja wake wanamuuliza kama anakaangia mafuta yaliyooza. Salome, rafiki yetu mwingine, Mmakonde mwenye mume mchonga vinyago, yeye aliapa kwamba kuna panya amefia darini.

Tukajifunga kanga, tukaenda kugomba. Nikateuliwa mie kuwa msemaji kwa sababu, walisema, nina mdomo. Tulipobisha hodi akafungua mwenyewe, akatuona wanawake watatu tumesimama mlangoni na sura zetu za vita, na uso wake ukafunguka kwa furaha mpaka nikaona haya.

"Karibuni, karibuni! Nilijua tu siku moja mtakuja!"

Kabla sijakohoa tukawa tumeketi kwenye mkeka, na kabla sijafungua kinywa kikawa kimeshajazwa. Alitulisha wali na dagaa na kitu chekundu kilichonitoa kamasi na machozi kwa pamoja, nikaomba kingine. Tulipotoka nje Salome akanibana.

"Mama Rehema, umemwambia?"

"Ningemwambiaje na mdomo umejaa?"

Kwa kweli hatukuwa na haki ya kusema kitu. Sie ndio tunaokula papa mkavu, ambaye akichemka hata paka wanahama nyumba. Tuliondoka pale na kibonge cha uduvi kimoja kimoja, tumefungiwa kwenye gazeti, na kuanzia hapo kila Jumamosi baada ya adhuhuri tulikuwa uani kwake tukijifunza mapishi ambayo majina yake tuliyatamka tulivyoweza.

La kwanza alilotufundisha lilitutia kicheko. Alituambia, kwa kujidai kabisa, kwamba leo tutapika chakula cha heshima cha kwao. Akatoa mchele. Akatoa nazi. Mwanaidi akanitazama, nikamtazama Salome. Wali wa nazi! Watu wa pwani tumeacha kazi zetu, tumekwenda kufundishwa wali wa nazi! Mwanaidi alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Harusi akamngoja amalize, akaenda kwenye ndoo iliyokuwa pembeni mwa bafu, ambamo alikuwa ameotesha mmea wenye majani marefu membamba, akakata jani moja, akalifunga fundo na kulitupia ndani ya sufuria. Wali ulipoanza kukauka harufu ilipanda ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Mwanaidi aliacha kucheka, akasogea karibu na jiko.

Dagaa ndio walioleta ugomvi. Aliwakaanga wakakauka vizuri, sote tukaridhika. Kisha akasaga pilipili nyekundu na vitunguu na kile kibonge cha uduvi, akakaanga, akatia ukwaju. Na sukari.

"Bi Harusi, hiyo ni sukari," Salome akasema taratibu, kama unavyomwambia mtu kwamba kavaa nguo kinyume.

"Naijua sukari."

"Kwenye dagaa?"

"Kwenye dagaa."

"Kwetu Newala ukitia sukari kwenye dagaa, wazee wanaitwa."

"Waite. Wakija nitawapakulia."

Hakupima kitu kwa kijiko wala kikombe. Alipima kwa sikio. Alitukataza kuzungumza pilipili inapokaangwa, kwa sababu alitaka tuisikilize. Mwanzo inapiga kelele, alisema, kwa kuwa ina maji, kelele zikipungua usogee, ikianza kunong'ona uko karibu, ikinyamaza imeiva. Kutunyamazisha sie watatu haikuwa kazi ndogo. Lakini tulijifunza, na mie mpaka leo nikikaanga kitunguu huwa nazima redio.

Kiswahili chake kilikuwa cha namna yake. Adabu aliipata kwa mama mkwe wake, mwanamke wa kizamani asiyepandisha sauti, na maneno mengine yote aliyapata gereji, kwa sababu geti lake lilitazamana na mafundi. Matokeo yake ni kwamba mama huyu wa heshima, aliyejifunika vizuri, angesimama mbele ya muuza nyama na kusema kwa sauti laini, "Braza, usinizingue. Huo mfupa umenipa jana. Leo nipe mnofu, tuishi fresh." Muuza nyama alikuwa anampa mnofu na kuongeza kipande. Mara nyingine alikuta neno la kwao kumbe sie tunalo, sabuni, kitabu, dunia, na alifurahi kama aliyeokota kitu chake kilichopotea. "Dunia!" alikuwa akisema, huku akipiga paja. "Hata kwetu ni dunia!"

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alikung'uta kanga yake mara kumi akiona vumbi, lakini alionja kila kitu kwa kidole. Alisema pilipili zetu hazina akili, zinawasha bila kunukia, na hapo hapo anazitafuna mbichi na muhogo. Alijifanya hana wivu. Siku aliyotaka kutufundisha kusuka vile vifuko vya makuti mabichi wanavyochemshia wali siku ya Idd, alianza kwa kutuonya kwamba ni kazi ngumu, kwamba yeye mwenyewe alipigwa vidole kabla ya kuiweza. Mwanaidi, ambaye alisuka mikeka na makawa tangu hajaota meno ya pili, alimtazama mara moja, akachukua kuti, akamaliza kifuko chake kabla ya mwalimu. Bi Harusi akakitwaa, akakigeuza, akakifumua chote kutafuta kosa. Hakuliona.

"Bahati tu," alisema, akamrudishia.

Vifuko vya Salome, kwa upande mwingine, vilimwaga mchele wote majini tukala uji. Bi Harusi alimpenda sana Salome siku hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililokuwa likimla moyo. Kwetu, shughuli ikiwa ya harusi, ya hitima au ya maulidi, wanawake hugawanyika bila kuambiwa. Walio wa nyumba na walio wa mtaa huingia uani. Huko kuna kisu, kuna kinu, kuna moshi, na umbea wote mtamu unapatikana huko. Wageni hukaa mbele, wanaletewa soda, wanaulizwa kama jua haliwapigi. Bi Harusi kila shughuli aliwekwa mbele. Alikuja mapema akiwa amevaa nguo za kazi, na mtu alimshika mkono na kumpeleka kwenye mkeka mzuri. Akijaribu kushika kisu ananyang'anywa kwa upole. "Eti Bi Harusi amenye vitunguu saumu! Watatusema!" Walimpenda, nadhani kila mtu alimpenda, na kwa mapenzi yao walimweka mbali.

Tulikuwa tunarudi kutoka kwenye arobaini ya mtoto wa jirani, yeye na mie, ndipo aliponiuliza.

"Mama Rehema, ule msemo wenu wa mgeni unasemaje?"

"Upi? Mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Ule mwingine. Wa jembe."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Ehe." Akatembea kidogo. "Mie nina wajukuu hapa. Jembe langu liko wapi?"

Nikacheka, nikidhani anatania. Alipogeuka nikaona macho yake yamejaa. Akaniambia kwamba anachotaka katika nchi hii ni kitu kimoja tu, siku moja kwenye shughuli ya watu mtu amtume. Asiombwe wala asibembelezwe. Atumwe, kama wanavyotumwa wengine. Mtu asiyetumwa, alisema, hata akifa hakuna kazi itakayobaki bila mtu. Hata mie nyumbani kwangu, yeye akija nilikuwa nampangusia kiti.

Ukajileta mwaka ambao mama mkwe wake alimruhusu kuchangia chakula kimoja kwenye Idd ya ukoo, Temeke. Si kupika jikoni kwao, la. Apike kwake alete. Hata hivyo ilikuwa hatua, na Bi Harusi aliichukulia kama mtihani. Aliamua kupika rendang, nyama ya ng'ombe ya kwao, ambayo alituambia ndiyo hutumika kumpimia mwanamke.

Alfajiri ya Idd tulikuwa uani kwake. Hata Salome alikuja, alisema Idd ya jirani haiulizi dini. Mwanaidi akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi mpaka lundo likawa kubwa, Salome akatwanga vitunguu na tangawizi na mchaichai, mie nikakata nyama. Bi Harusi akakamua nazi, na hapo akafanya jambo lililotushtua: tui la kwanza na tui la pili akayamimina yote pamoja, mwanzo kabisa, juu ya nyama mbichi. Mwanaidi alifumba macho. Kwetu tui zito linangoja mwisho, linaingizwa taratibu, na mtu habanduki kwenye sufuria, anakoroga mpaka lishike. Tukamwachia. Jiko ni lake.

Sufuria ilikuwa imechemka kwa muda mzuri simu yake ilipoita. Alikuwa kaka yake, kutoka kwao, anampa mkono wa Idd. Mtandao ukasumbua, akatoka nje, akaelekea barabarani akitafuta pa kusikia vizuri. "Angalieni moto tu!" akatupigia kelele kutoka getini.

Tukauangalia moto. Mara Salome akasema, "Jamani."

Tui lilikuwa linakatika. Mafuta yanaelea juu, chini kunaganda mabonge mabonge kama maziwa yaliyoharibika. Ambaye hakukulia pwani hawezi kuelewa tulivyojisikia. Kwetu mwali ambaye tui lake linakatika anamwaibisha somo aliyemfunda. Watu wanakula, wanasema asante, kisha wanalisimulia mtaa wa pili. Na mtihani wa rafiki yetu ulikuwa unaharibika mbele yetu, siku ya Idd, mwenyewe yuko barabarani anapiga kelele kwenye simu.

"Epua!" Mwanaidi akasema, na yeye mwenyewe akaepua kwa pembe za kanga. Nikakamata nazi zilizobaki, nikakuna kama mwenye mashetani, nikakamua tui zito jipya. Salome akatia maji ya moto kidogo, akakoroga, mie nikimimina uzi kwa uzi, Mwanaidi akirudisha sufuria kwenye moto mdogo. Tulifanya kazi kama mtu mmoja mwenye mikono sita. Na tukaliokoa! Lilishika likawa laini, jeupe, zito, linang'aa. Tulikuwa tunapongezana aliporudi.

Alisimama juu ya sufuria. Akatazama ndani kwa muda.

"Nani?"

"Sie wote," nikasema, kifua mbele. "Tui lilikuwa linakatika, tumeliwahi."

Akaketi kwenye ngazi ya mlango wa uani, akashika tama.

"Lazima likatike," akasema. "Hiyo ndiyo rendang. Tui likikatika linatoa mafuta yake, nyama inakaangika kwenye mafuta hayo hayo, inakauka, inakuwa nyeusi. Likikatika ndipo kazi inaanza. Mmenipikia mchuzi."

"Bi Harusi," Mwanaidi akasema, sauti imemtoka kidogo sana, "mie nimelelewa na bibi. Tui likikatika, unakula mwiko wa kichwa."

Muda wa kuanza upya haukuwepo. Mumewe alikuwa anapiga honi getini, amevaa kanzu, familia nzima inangoja. Mchuzi ukatiwa kwenye bakuli, ukafungiwa kitambaa, ukaenda Temeke.

Jumatatu alitusimulia, na hakucheka. Mama mkwe wake alionja, akatua kijiko, akasema mbele ya ukoo wote, "Alhamdulillahi, mwanangu. Leo umepika kama watu." Kila mmoja akasifu. Wifi zake wakaongeza. Bakuli likarudi limekombwa.

"Miaka yote nimewapelekea zawadi za chakula cha kwetu, wamekula kwa adabu," alituambia. "Safari hii mmepika nyie, wamesema nimeweza. Nikanyanyuka nikaoshe vyombo. Wakanikalisha. 'Pumzika Bi Harusi.' Hata sahani moja hawakunipa."

Ndipo Mwanaidi na Salome nao walipoelewa. Salome akamshika bega, na Mwanaidi akauliza kama kuna nyama iliyobaki. Ilikuwepo. Siku hiyo tukaipika inavyopikwa, polepole, mpaka jua likaegemea ukutani. Tui lilipoanza kukatika Mwanaidi aligeuza uso asione. Bi Harusi alimgeuza kwa kidevu na kumlazimisha kutazama. Ikakauka, ikawa nyeusi, ikanukia. Tukaila kwa mikono, tumekaa chini, na sijawahi tena kula nyama yenye ladha kama ile. Naipika na mie siku hizi, huku Kimara nilikohamia, na kila tui linapokatika moyo unanilipuka.

Miaka ilienda ikatutawanya. Mwanaidi aliolewa tena akarudi Lindi. Salome na mumewe wakapata kiwanja mbali. Mie nikajenga Kimara. Mama mkwe wa Bi Harusi alifariki, na baada ya muda si mrefu mumewe naye akafuata. Siku ya msiba nilikwenda nikapika uani kwake pamoja na wanawake wa mtaa, na yeye alikuwa ndani ya eda, amefunikwa nyeupe, haruhusiwi kugusa hata jivu. Nilipompelekea chai alinishika mkono, akaniuliza pilau imepikwa na nani, kwa sababu kitunguu hakikuachwa kikanyamaza. Nikajua hajavunjika.

Eda ilipokwisha kaka yake akamwita nyumbani. Tulimsindikiza kwa machozi, tukijua ndiyo basi tena. Nani anarudi Chang'ombe kutoka kwa ndugu zake wa damu? Lakini haukupita mwaka simu yangu ikaita, namba ya hapa hapa, na sauti laini ikaniambia, "Mama Rehema, nipo Wazo kwa mwanangu. Vumbi la saruji limenimaliza, kila nikianika kanga inakuwa kama gunia. Njoo."

Nikaenda. Nilimkuta amepungua, magoti yanamsumbua, lakini ndoo yenye yale majani marefu iko mlangoni, na majani ameyafuta moja moja kwa kitambaa. Nikamuuliza kulikoni, mbona amerudi.

"Kule kwa kaka wameajiri mpishi," alisema. "Wapwa zangu wazuri, wana heshima. Asubuhi wananiletea chai chumbani. Nikiingia jikoni wanasema, shangazi, umetoka mbali, pumzika. Nikaona basi. Huku mgeni, kule mgeni. Nikachagua ugeni wa huku, huku angalau najua kugombana na muuza nyanya."

Alicheka alipokuwa akisema, na mie nikacheka, lakini nilirudi Kimara nimejaa huzuni. Nilijisemea kwamba huyu mama atazikwa akiwa bado Bi Harusi, na kwamba sie tunaojisifu kwa ukarimu tumemfanyia jambo ambalo adui asingeweza.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni asubuhi ya ndoa ya binti yangu Rehema. Uani kwangu kulikuwa na masufuria ya kukodi, moshi, na wanawake wa kila pembe. Jikoni niliyemkabidhi usukani ni shangazi yangu kutoka Kilwa, aliyekuja siku mbili kabla. Shangazi huyu macho yamepungua, sauti imeongezeka. Katika ukoo wetu hakuna shughuli ambayo hajaisimamia na hakuna mtu ambaye hajamtukana, na hata baba yangu, kaka yake, alikuwa akitoroka uani akimwona na mwiko.

Bi Harusi aliletwa na mwanawe mapema kuliko wote, amevaa baibui jipya na ndani yake gauni la kazi, kama kawaida yake. Nikampokea. Na mie, pamoja na yote niliyoyajua, nikafanya yale yale: nikamtafutia kiti penye kivuli, nikamwekea mto kwa ajili ya magoti, nikamletea soda baridi. Akaipokea, akasema ahsante. Nikainama kumuuliza kama yuko sawa.

Shangazi akatokea kwenye kona na mwiko begani. Akasimama, akakaza macho.

"We mwanamke!" akaita. "Wewe hapo, wa kivulini! Wenzio tunaungua moshi tangu alfajiri, wewe umekaa unakunywa soda kama umetolewa posa? Umekuja kwenye shughuli au umekuja kupigwa picha? Wanawake wa Dar mna kazi kweli! Hebu njoo huku!"

Mtu mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Nikainuka haraka.

"Shangazi, huyo ni mge..."

Mkono ukanidaka kifundoni, ukanivuta chini. Sikujua kwamba bado ana nguvu kiasi kile. Bi Harusi alikuwa ameshaweka soda chini.

"Mama Rehema," akaninong'oneza, "ukimwambia, mie na wewe basi."

Akasimama kwa magoti yake mabovu, akavua baibui, akanitupia mapajani, akajifunga kanga kiunoni.

"Abee!" akaitika, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Abee, dada! Nakuja!"

Shangazi hata hakumtazama usoni. Alimsukumia beseni la viazi kwa mguu, akamwambia afanye haraka, na kwamba akimaliza hivyo kuna gunia lingine nyuma ya mlango.